Gesi Haiishi

Mara tatu nimejaza, mara tatu imekwenda.
Kule Chake, kila safari elfu arubaini,
na kijana wa gesi akipangusa mikono hunambia:
"Gesi huisha, Mjomba. Ndivyo ilivyo."
Nami hulipa, nikarudi Wete nimepandisha vioo kama mkubwa,
na wiki ya pili, nikifika Bopwe,
kipupwe kimekatika,
feni inanipulizia joto la injini na harufu ya vumbi.

Jumapili Zuwena anaolewa.
Gari la harusi ni hili, hakuna jingine:
Spasio ya rangi ya fedha, mlango wa nyuma hufunguka kwa nje tu.
Kutoka Jadida hadi Micheweni,
na wanja, na poda ya Maskati,
na mashangazi watatu waliobanana nyuma.
Dada yangu Bikombo kanambia neno moja:
"Mwanangu asifike kwao ameyeyuka."
Moja tu. Tangu tugawane shamba la baba
maneno yake kwangu hupungua mwaka hadi mwaka,
na hakuna aliyeuliza yanapenya wapi.

Nikakaa juu ya ndoo, boneti wazi, nikafikiri.
Friji la mke wangu lina miaka kumi na moja
halijapata kuongezwa gesi hata pumzi moja.
Gesi haichakai. Huzunguka tu,
kompresa, kondensa, ikarudi palepale
kama ngamia wa kinu.
Gesi haiishi. Gesi hutoroka.
Na kitorokacho kina mlango.

Hamad Shaame akaja na kikombe chake cha chai.
"Kompresa hiyo." Hata hakuinama.
Mwanawe: "Fyuzi."
Mpita njia, juu ya baiskeli: "Uza!"

Mimi sikutafuta tundu. Nilitafuta doa.
Kwani gesi husafiri na mafuta yake,
na inapopenya huyaacha mlangoni
kama mwizi aliyesahau kandambili.
Nikalala chini na kurunzi.
Pale, ubavuni mwa kondensa, kwenye kiungo cha bomba,
vumbi limeganda jeusi,
dogo kuliko ukucha wa mtoto.

Sabuni ya unga, maji, brashi ya rangi.
Mwanzo, kimya.
Nikazuia pumzi nisije nikajidanganya mwenyewe.
Kisha povu likavimba, polepole,
likawa jicho, likanitazama,
likapasuka.
Likaja jingine.

Marehemu baba alikuwa akiziba pancha barazani,
beseni la bati mbele yake.
Mpira, akisema, hausemi mpaka uloe.

Mbarouk wa mafriji akaja na mtungi mtupu,
akavuta gesi iliyosalia, tusiimwage hewani.
Nikafungua nati. Oringi ya kijani
ikanikatikia kiganjani kama ganda la karanga.
Mpya, dukani: shilingi mia tano.
Mia tano!
Nilianza kupiga hesabu ya safari za Chake, nikaacha.

Nikaipaka mafuta, nikaivisha, nikakaza.
Tukawasha pampu hadi mshale ukazama chini ya sifuri,
tukafunga valvu, tukenda kusali adhuhuri.
Sikumbuki nilisoma sura gani.
Tuliporudi mshale uko palepale,
umekaa kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Gesi tukaipima kwa mizani ya keki ya Asya,
mtungi juu, namba zikishuka:
gramu mia nne na hamsini,
unga wa ngano bado umeshika kwenye sahani.

Jumapili, tulipovuka Konde,
sauti ikatoka ndani ya ushungi:
"Mjomba, punguza. Nasikia baridi."
Bikombo, kiti cha mbele, akajifunika kanga ya pili
akaanza kunihadithia jinsi baba alivyompiga
siku alipomwaga lile beseni la maji,
kumbe niliyemwaga ni mimi,
kumbe alijua miaka yote.

Sikuzima.
Nilipunguza kidogo tu.